Mwaka Mmoja Juu ya Tandiko: Mwongozo Kamili kwa Malkia Mpya wa Rodeo na Watu wa Nyumbani Kwake

Usiku mpwa wangu alipovikwa taji la rodeo (mashindano ya kauboi ya kupanda farasi na fahali na kukamata ng'ombe kwa kamba) ya kaunti moja huku Idaho, Marekani, ukoo mzima tulipiga vigelegele hadi watu wa safu za mbele wakageuka kututazama. Kesho yake saa 12 asubuhi nilimkuta zizini na koleo, anazoa mavi ya farasi. Taji lilikuwa juu ya friji.

Mimi ni mtu wa Lamu. Mnyama wa kupanda niliyemjua utotoni ni punda, na mbio nilizozijua ni zile za punda wakati wa Maulidi. Lakini kwa mwaka mzima uliofuata nilikuwa dereva wa trela, mpiga pasi na mshika kofia, na nikajaza madaftari mawili. Waswahili wenzetu waliotoka Kongo na Burundi wako Boise na Twin Falls, mabinti zao wanasoma na watoto wa wafugaji, na wapo walioanza kupenda farasi. Kwa hiyo ninayatoa hapa niliyoyaandika. Naanzia pale taji linapogusa kofia. Jinsi ya kulishindania ni habari nyingine.

Jua umeajiriwa kufanya nini

Neno rodeo ni la Kihispania, lenye maana ya kuzunguka na kukusanya ng'ombe. Wachungaji wa Meksiko ndio waliowafundisha kauboi wa Marekani kamba, tandiko na mengi mengine. Cheyenne, Wyoming, ilianza rodeo yake 1897, Pendleton ya Oregon 1910, na Calgary kule Kanada 1912. Malkia aliletwa na biashara: katika miji mingi ya zamani, taji lilikwenda kwa binti aliyeuza tiketi nyingi kuliko wenzake. Cheyenne ilimpata Miss Frontier (ndivyo wanavyomwita malkia wao) wake wa kwanza 1931, na Calgary ikamvika taji Patsy Rodgers 1946.

Siku hizi waamuzi hupima upandaji wa farasi, ufasaha na haiba, na mwonekano. Ila kazi ya mwaka mzima haijabadilika tangu enzi za kuuza tiketi. Kamati ya rodeo imekupa taji ili watu waje langoni, wadhamini waone fedha yao imefanya kazi, na mtoto wa darasa la pili aondoke akitaka kurudi mwakani. Ukialikwa mahali na hujui ukubali au ukatae, jiulize kama kuna mtu atakayekuja uwanjani kwa sababu ulikwenda kule. Swali hilo lilituokoa na mialiko mingi ya kupiga picha tu.

Ngazi zipo. Kuna malkia wa mji au kaunti, kuna wa jimbo, na juu kabisa kuna Miss Rodeo America, anayechaguliwa Las Vegas kila Desemba, majira ya fainali za taifa ambazo zimekuwa zikifanyika mji huo tangu 1985, isipokuwa 2020 zilipohamia Arlington, Texas. Kwingine mshindi huanza kazi siku ile ile. Cheyenne wao humpa kwanza mwaka mmoja wa kuwa msaidizi wa malkia, ndipo achukue cheo. Naupenda utaratibu huo, maana sisi tulitupwa majini bila kuoga kwanza ufukweni.

Wiki mbili za kwanza: mkataba, kalenda, pesa

Soma mkataba ukiwa na mtu mzima asiyeona haya kuuliza. Tazama mambo haya: ni rodeo ngapi lazima uhudhurie, nani analipa mafuta na malazi, nani anakusindikiza, unaruhusiwa kuposti nini, na ukivunja sharti utanyang'anywa nini. Mashindano mengi hukataza pombe wakati umevaa taji au ukanda, na mengi hutaka binti asiyeolewa. Uliza pia vitu ulivyoshinda vinakuwa vyako lini. Tandiko, bizimu la mkanda na fedha za masomo mara nyingi hukabidhiwa hatua kwa hatua, nyingine mwisho wa mwaka baada ya kazi kukamilika.

Kalenda iwe moja tu, na ashike mtu mmoja. Kwetu alishika dada yangu. Kila mwaliko uandikwe na mambo matano: mahali, saa ya kufika, farasi anatakiwa au hatakiwi, nguo, na namba ya simu ya mwenyeji. Mwaliko usio na namba ya simu tuliuhesabu kuwa haujafika.

Pesa. Usidanganywe na picha: malkia wengi wa ngazi ya kaunti hutumia zaidi ya wanachopewa. Mafuta ya gari la kuvuta trela ndiyo mlaji mkubwa, yakifuatwa na majani makavu ya farasi, kofia na nguo. Tengeneza bahasha ya mafuta kabla ya bahasha ya nguo. Kisha tafuta mitumba. Ndiyo, mitumba. Malkia waliomaliza muda huuza koti, blauzi za kumetameta na suruali za ngozi kwa bei ya chini sana, na hakuna mtu kwenye jukwaa atakayejua. Mama zetu waliojua kuchagua Gikomba na Karume wangetamba huku.

Chapisha picha zako za kusaini mapema, zenye jina la rodeo, tarehe zake, na majina ya wadhamini chini. Nunua kadi za shukrani kwa mkupuo. Kila aliyekupa farasi, chakula au fedha aandikiwe kwa mkono ndani ya wiki moja, ukitaja alichotoa. Ujumbe wa simu hauhesabiki. Wazee wa rodeo wanaziweka kadi hizo ukutani.

Kofia

Hili litaonekana dogo kwa asiyejua. Kofia ndiyo inayobeba taji, na taji hufungwa kwa skrubu ndogo au waya mbele ya kofia. Ikianguka uwanjani, watu watasahau ulichosema mwaka mzima na watakumbuka hilo.

Mpwa wangu ilimruka kwenye rodeo ya pili, akiwa shoti, yaani mbio za kasi za farasi, na farasi wake mwenyewe akaikanyaga kwa mguu wa nyuma. Alimaliza mzunguko akitabasamu. Nje ya lango alilia kama aliyefiwa. Baada ya hapo tukajifunza utaratibu huu, tulioupata kwa mama mmoja aliyewahi kuwa malkia miaka ya nyuma:

Nunua kofia inayokubana kidogo, ishushwe hadi vidole viwili juu ya nyusi. Nywele zisukwe au zibanwe kwanza ili kofia ipate pa kukaa. Nywele zetu za Kiafrika hapa zina faida, mistari ya kusuka inashika kuliko nywele laini zilizopuliziwa dawa chupa nzima. Ndani ya kofia, chini ya utepe wa ngozi, weka sponji nyembamba. Kwenye paji la uso bandika gundi ya utepe ya pande mbili, ile wanayotumia wauza mawigi. Kisha pitisha vibanio viwili vya nywele kila upande, vishike utepe wa ndani na msuko kwa pamoja. Mwisho inama, tikisa kichwa kwa nguvu zako zote mara tano. Ikisogea, anza upya. "Mjomba, imesogea?" ndiyo sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko salamu mwaka ule.

Kofia ya manyoya yaliyoshindiliwa ni ya majira ya baridi, ya ukindu ni ya kiangazi. Usiiweke kitandani; kwa kauboi huo ni mkosi, kama sisi kupiga mluzi usiku. Ukiivua, iwekwe kichwa chini, ukingo juu, ila ukiwa na taji mbele itabidi uwe na sanduku lake maalumu. Na usivae njano uwanjani bila kuuliza, wako wanaoiogopa.

Mfundishe farasi bendera kabla bendera haijakufundisha wewe

Bendera kubwa hupigapiga kama tanga lililolegea, na farasi amezaliwa kukimbia kitu kinachopigapiga nyuma ya jicho lake. Tulitumia wiki nne, dakika 20 kila jioni.

Anza chini, si mgongoni. Funga mfuko wa plastiki kwenye fimbo, utikise mbali, umkaribie, na uuondoe anapotulia. Siri iko hapo: uuondoe anapotulia, usiuondoe anaporuka, la sivyo atajifunza kuwa kuruka ndiyo dawa. Mguse nao mabegani, kiunoni, miguuni, pande zote mbili. Farasi aliyezoea upande wa kulia huona kitu kipya kabisa upande wa kushoto. Kisha bendera ndogo, kisha kubwa iliyokunjwa, kisha kubwa iliyofunguliwa siku isiyo na upepo. Ndipo upande. Tembea, halafu mwendo wa matiti (ule wa kudundadunda, kati ya kutembea na kukimbia), halafu shoti polepole. Tukaongeza redio yenye sauti ya juu, watoto wa jirani wapige makofi, na mwisho mtu akimulika tochi. Fataki ni somo la peke yake. Kama rodeo yako inafungua kwa fataki, iambie kamati mapema ikupe farasi aliyezoea.

Mlingoti hukaa ndani ya kikombe cha ngozi kinachofungwa kwenye kikuku cha kulia, pale mguu unapoingia. Mkono wa kulia uushike usawa wa bega, kiwiko karibu na mbavu, ncha ya juu ielekee mbele kidogo ili kitambaa kitiririke nyuma bila kukufunika uso. Hatamu zote ziko mkono wa kushoto. Mazoezi ya mkono: simama jikoni na ufagio mrefu wenye taulo lililolowa kwenye ncha, dakika tatu kila siku. Tulicheka sana, lakini upepo wa Idaho hauna utani.

Bendera ya Marekani ina sheria zake. Haiinamishwi kwa mtu yeyote wala kitu chochote. Bendera za majimbo na za taasisi ndizo zinazoweza kuinamishwa kwa heshima. Haigusi ardhi. Ikitokea imegusa, usikubali mtu akuambie lazima ichomwe moto. Huchomwa ile iliyochakaa hata haifai tena, iliyochafuka husafishwa. Wimbo wa taifa ukiimbwa, aliyeshika bendera hufanya kazi moja tu, kumtuliza farasi. Malkia wengine huweka mkono kifuani, na kwa desturi hawavui kofia kwa sababu ya taji.

Farasi wa kuazima

Kadiri unavyosafiri ndivyo utakavyopanda farasi usiowajua. Malkia wa jimbo na Miss Rodeo America huishi hivyo. Mwenye farasi akikukabidhi hatamu, muulize: lijamu gani amezoea, anasimamaje, amewahi kubeba bendera, anapenda kutangulia au kufuata, na mara ya mwisho kumrusha mtu ni lini. Kama swali la mwisho litajibiwa kwa kicheko, uliza tena. Mpande dakika 15 nyuma ya uwanja, mgeuze pande zote, mpeleke shoti na umsimamishe mara tatu. Kaza mkanda wa tumbo, mtembeze, ukaze tena, maana farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa.

Ukiona hafai, sema hapana. Mpwa wangu alikataa mara moja, akaingia uwanjani kwa miguu, akasimama katikati na kupunga mkono. Kamati ilinuna jioni ile. Nilijivunia kuliko siku ya taji.

Mzunguko wa shoti

Huu ndio wakati ambao umati unakuona. Unadumu chini ya dakika moja. Lango linafunguliwa, jina lako linatajwa, unaingia kwa shoti, unazunguka uwanja mkono mmoja ukipunga, unatoka kwa kasi ile ile. Pendleton wao wameongeza viungo: malkia na wenzake huruka ua wa uwanja wakiwa juu ya farasi wanapoingia kwenye nyasi. Wewe usijaribu.

Mchana, kabla watu hawajaja, tembea uwanja mzima kwa miguu. Tafuta mashimo, mpira wa maji uliosahauliwa, kona yenye tope, na mahali wapiga picha watakapochuchumaa. Muulize msimamizi unazunguka upande gani. Ukizunguka huku katikati ya uwanja ikiwa kushoto kwako, mkono wa kulia unaelekea kwa watazamaji, na kupunga kunakuwa rahisi. Mjue kwa jina mtu wa lango. Huyo ndiye mwenye roho yako: akichelewa kufungua wakati unatoka, farasi atasimama ghafla na wewe utaendelea.

Ndani, kaa chini kwenye tandiko, uzito kwenye visigino. Macho yatazame safu ya juu kabisa. Yakitazama shingo ya farasi, watu wanaona kofia tu. Punguza kabla ya kona, ongeza ukishaimaliza. Usijishikilie kwa hatamu, maana kila unapozivuta kujisawazisha unamwambia farasi asimame. Mkono wa kupunga ukae karibu na ukingo wa kofia, kiwiko thabiti, kiganja ndicho kinachocheza, bila kuufunika uso. Tabasamu huganda kwa hofu, na dawa yake ni kutamka kitu. Mpwa wangu alikuwa akisema "haya twende, haya twende" kwa Kiswahili raundi nzima, na kwenye picha anaonekana anacheka.

Kofia ikianguka, usisimame, usigeuke kuitazama. Maliza.

Siku ya rodeo, kwa saa zetu

Saa 11 alfajiri, mlishe farasi. Saa 1 asubuhi, redioni au kwenye kifungua kinywa cha chapati za maji ambacho miji mingi hukiandaa. Saa 4, gwaride la mjini. Hapo kumbuka kwamba kwato zenye chuma huteleza kwenye lami, kwa hiyo mwendo ni wa kutembea tu. Na pipi zisirushwe karibu na farasi. Kuna mtu wa kufuata nyuma na toroli na koleo. Nilikuwa mimi, na nilishangiliwa kuliko bendi.

Saa 6 mchana, kula. Andika kwenye kalenda, maana malkia huanguka kwa njaa na jua kuliko kwa farasi. Saa 8, hospitali au makao ya wazee. Saa 10, rudi uwanjani, kagua ardhi, badili nguo, funga kofia. Saa 11 jioni hadi saa 12 na nusu, meza ya kusaini picha. Saa 1 usiku, ufunguzi: bendera, wimbo wa taifa, bendera za wadhamini moja baada ya nyingine. Kisha baadhi ya kamati hukutaka uwatoe ng'ombe uwanjani baada ya michezo ya kamba. Kaa nyuma ya nyonga ya ndama, umsukume kwa kukaribia taratibu kuelekea lango la kutokea. Ukimfukuza atakuzungusha kama kuku. Usikatize mbele ya anayerusha kamba. Wakati wa farasi wakorofi waache wapokeaji (wapanda farasi wanaomshusha mshindani salama) wafanye kazi yao, na zamu ya fahali ikifika toka kabisa. Saa 4 usiku, picha na watoto hadi wa mwisho aondoke, halafu farasi, halafu wewe.

Ukisafiri kwenda jimbo jingine, trela haiondoki bila cheti cha kipimo cha damu kiitwacho Coggins na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo, ambacho kwa kawaida hudumu siku 30. Weka nakala garini na nyingine kwenye simu.

Kuzungumza na watu

Redioni, sentensi ya kwanza ibebe jina la rodeo, tarehe, saa ya kufungua lango na tiketi zinapouzwa. Mtangazaji anaweza kukukata wakati wowote. Rudia hayo mwishoni. Katikati zungumza unavyotaka.

Michezo yenyewe uijue hata ukiamshwa usingizini. Fahali hupandwa sekunde 8 kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukimgusa mnyama, hakuna alama. Alama 100 hugawanywa nusu kwa mpandaji na nusu kwa mnyama, ndiyo sababu kauboi huomba fahali mkali, jambo lililonichukua miezi kulielewa. Mbio za mapipa ni mapipa matatu yanayozungukwa kama jani la klova lenye vipande vitatu, na kila pipa linaloangushwa ni sekunde 5 za adhabu. Anayemfunga ndama akitoka kabla ya ndama kupewa nafasi yake, huongezewa sekunde 10. Ndama akishafungwa miguu mitatu, lazima akae hivyo sekunde 6.

Maswali magumu yapo mawili. La kwanza ni la wanyama. Utaulizwa kama mkanda unaofungwa kiunoni mwa fahali unabana korodani. Haubani, hupita mbele ya miguu ya nyuma, tumboni. Chama cha rodeo za kulipwa hudai daktari wa mifugo awepo na hukataza vichocheo vya buti vyenye ncha kali. Sema hayo, kisha kubali kwamba wapo wasioridhika nayo, na kwamba Uingereza ilipiga marufuku michezo ya namna hii tangu 1934. Usimdhihaki muulizaji. Ukimjibu kwa adabu mbele ya watu kumi, tisa watakuamini hata yeye asipokuamini.

La pili linawahusu mabinti zetu: mtoto atakutazama na kuuliza, bila ubaya, kama kuna kauboi weusi. Uwe na Bill Pickett mdomoni. Alizaliwa Texas 1870, wazazi wake walikuwa wametoka utumwani, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kumrukia maksai kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha kwa pembe. Mwaka 1971 aliingizwa kwenye ukumbi wa mashujaa wa rodeo, na tangu 1984 kuna rodeo ya kauboi weusi inayozunguka nchi ikiwa na jina lake. Mpwa wangu aliisimulia hadithi hiyo katika kila shule. Watoto weupe ndio walioipenda zaidi, kwa sababu Pickett alikuwa akimng'ata ng'ombe mdomo.

Shuleni peleka kamba na kichwa cha ndama cha plastiki kilichofungwa kwenye kiti, waache warushe. Hospitalini omba ruhusa kwanza, na usiende na nguo ulizomhudumia farasi, kuna wagonjwa wasioweza kuvumilia vumbi la manyoya. Makao ya wazee yanataka muda. Kaa chini, sogeza kiti, mwache mzee aseme alikuwa na farasi gani 1950. Mpwa wangu alilelewa kuamkia, akawa anashika mikono ya wazee kwa mikono yake miwili na kuinama kidogo. Hakufundishwa na kamati. Tuliombwa kurudi.

Kwenye meza ya kusaini, muulize mtoto jina lake na linavyoandikwa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Piga magoti usawa wa macho yake. Akiomba kuvaa taji, mwambie limefungwa na skrubu, umwonyeshe. Usilivue kamwe, ukimvulia mmoja umewavulia mia.

Usiku wa waridi utakukuta pia. Tangu 2004 kuna kampeni ya kuvaa rangi hiyo rodeoni kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya matiti. Andaa blauzi yake mapema. Usiku huo maduka ya mji mdogo hayana hata leso ya waridi.

Kukabidhi

Miezi miwili kabla ya mwisho anza kuandika ripoti: ulikokwenda, waliokupa farasi, wadhamini walivyosema, kilichoharibika. Rudisha bendera zikiwa zimefuliwa na kukunjwa. Kama umeahidiwa fedha za masomo, uliza karatasi zake kabla hujavua taji, maana baada ya hapo simu hupokelewa polepole. Hotuba ya kuaga isizidi dakika mbili: wataje wenye farasi kwanza, wazazi mwisho.

Malkia mpya mpe daftari lako la namba, hasa ya mtu wa lango na ya fundi wa kwato. Mpwa wangu alimpa na kikombe cha ngozi cha bendera, kilichokuwa kimeshalainika na kuchukua umbo la mlingoti. Kofia alibaki nayo. Ina matundu mawili mbele zilipokuwa skrubu za taji, na sasa anaivaa akilisha farasi.